Mrejesho: viza ya mama ya Uingereza imetoka

Asalaam alaykum. Niliwauliza kama mama, mkaazi wa Wete, Pemba, anaweza kukaa mwaka mzima kwa dada yangu Leicester aliyejifungua. Jawabu ni hapana. Viza ya matembezi ni miezi 6 kwa safari. Hata ile ya miaka 2, 5 au 10 haibadilishi hilo. Tukaomba pungufu ya hapo, arudi kabla ya mavuno.

Kazi ilikuwa kuonesha ana la kurudia, maana mwajiri hana, mshahara hana. Tukapeleka risiti zake za kuuzia karafuu ZSTC (shirika la biashara la serikali ya Zanzibar), nyengine zimekunjika hadi kuchanika, barua ya sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) kuhusu shamba, na taarifa ya benki ya shemeji anayegharamia. Vya Kiswahili vyote vilitafsiriwa kwa Kiingereza, kwa saini na tarehe ya mfasiri. Alama za vidole alitia Dar es Salaam.

Mama ataruhusiwa kumuogesha mjukuu, bibi ni bibi. Kuajiriwa ndiyo marufuku. Bima kateni, matibabu ya hospitali kule mgeni hutozwa, tena ghali.

Kipimo cha kifua kikuu mlichonitisha nacho hakitakiwi kwa safari isiyozidi miezi 6.