Naomba ushauri: mwaka wa tatu wa tamoksifeni, joto la usiku linanimaliza

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 44, naishi Tanga. Nilitolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, nikamaliza dripu za kemo, na sasa ni mwaka wa tatu nameza tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi, miligramu 20 kila siku. Daktari alisema ni miaka 5, huenda ikafika 10, kwa sababu uvimbe wangu ulikuwa unalishwa na homoni ya estrojeni.

Kinachonitesa ni joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni hadi usoni, nalowa jasho kama nimemwagiwa maji. Usiku naamka mara nne kubadilisha kanga, mume wangu naye halali. Halafu ukavu ukeni, jambo ambalo hata kliniki nimeona haya kulisema. Mwezi uliopita niliacha dawa siku tisa bila kumwambia mtu, hofu ikanirudisha.

Mliopita njia hii, usingizi mliupataje? Yupo aliyebadilisha saa ya kumeza ikamsaidia? Jirani ananihimiza mitishamba, lakini naogopa isije ikagongana na dawa yangu. Na habari ya ukavu mlimwelezaje daktari, hasa akiwa mwanaume?