Mrejesho: umeme kwa mkono wa mama uliokakamaa

Asalaam alaykum. Niliuliza humu kama mashine ya kushtua misuli kwa umeme ingemfaa mama, aliyepigwa na kiharusi mkono wa kulia ukakakamaa, vidole vikajikunja. Ahsanteni mlionijibu.

Tunakwenda Chake Chake, hapa Pemba, kuwekewa mashine hiyo mara tatu kwa wiki. Kwanza waliuliza kama ana betri ya moyo (kifaa kinachopandikizwa mwilini kuongoza mapigo), maana mwenye nayo hawekewi. Kisha wakambandika vibandiko viwili vya kupitishia umeme juu ya kigasha, upande wa misuli inayonyanyua kiganja. Vidole vikainuka vyenyewe! Mama akavikodolea macho: "Nani huyo anonivuta?" Chumba kizima kikacheka.

Lakini mtaalamu hakutuficha: umeme peke yake haulegezi kiungo kilichokwisha kaza. Unaamsha misuli tu, na mama naye lazima ajaribu kuinua wakati uleule. Nyumbani namnyoosha asubuhi na jioni, taratibu. (Nilikuwa nikimnyanyua kwa kumvuta mkono ule mbovu. Nimegombezwa, bega huharibika.)

Sasa anashika kikombe cha plastiki, kitupu. Kiwiko bado kigumu vilevile. Kinachotumaliza ni nauli kutoka Micheweni.