Kampala barabara ni ya nani? Nimetumbukia mtaroni nikiwa kwenye njia ya miguu, leo nasema yote

Wadau habari zenu. Naandika mguu uko kwenye beseni la maji ya chumvi kwa hiyo mkiona hasira jueni inatoka wapi.

Jana saa moja na nusu jioni nimeshuka taxi (huku kwetu ndo vile vibasi vidogo vya abiria) Bombo Road, mvua ndo imetoka kunyesha, taa za barabarani zimekufa. Natembea zangu kwenye njia ya miguu, nafika mbele ya duka moja la dawa nakuta Prado imepanda yote juu, matairi manne, imelala pale kama ng'ombe ameshiba. Sasa hapo una mawili, ushuke barabarani ukutane na taxi zinafukuzana, ama ujipenyeze kati ya gari na ukuta ambapo chini kuna mtaro umefunikwa na slabu. Nikasema bora nijipenyeze. Hatua ya tatu slabu haipo. Nimeingia mpaka gotini, maji machafu yakabeba ndala ya kushoto ikaenda zake kinamasi cha Lubigi, mkono nimeshika kioo cha Prado na alamu yake ikaanza kupiga kelele. Yaani gari ndo inalia, mimi niliyeumia nimenyamaza.

Mama mmoja anachoma gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, pale karibu ndo amenivuta. Ananiambia pole mwanangu, wewe ni wa nne wiki hii. Kumbe eti alama ilikuwepo, wameweka tawi la mti limefungwa kavera, mfuko wa plastiki. Kavera nyeusi. Usiku.

Leo asubuhi nimechechemea mpaka ofisi moja, siitaji, wanaojua wanajua. Kijana wa mezani amefungua kitabu: jina, simu, namba ya gari. Namwambia sina gari. Ananiangalia. Basi andika ya boda uliyokuwa umepanda. Namwambia kaka nilikuwa natembea. Akawaza kidogo halafu akauliza, "sasa ajali ilikuwa kati ya nini na nini?"

Si kosa lake, kitabu ndo kimechorwa hivyo na barabara zetu zimechorwa na mkono huohuo. Mtu wa miguu hayumo. Kwenye karatasi kuna gari, na gari, na gari nyingine, halafu kwa pembeni kama nafasi imebaki wanaweka kakipande ka kutembea, nako kakishaisha kujengwa kanakuwa paking, au milango ya benki inashushia ngazi zake hapo, au nguzo ya umeme inasimama katikati kabisa mpaka mwenye mtoto mgongoni anapita kwa ubavu kama kaa.

Njooni Kalerwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi muone. Watu wanatembea kama wanatoka uwanjani, fundi na kibegi chake, wanafunzi, mama na beseni la nyanya kichwani, wengi ni watu wa kwenda mpaka mjini kwa miguu kwa sababu elfu mbili ya taxi kwenda na elfu mbili ya kurudi kwa siku 26 ni laki na ushee, na mvua ikinyesha konda anakuambia tatu. Hao wote wamebanwa kwenye vumbi la pembeni, barabara yenyewe imejaa magari ya mtu mmojammoja yamesimama hayaendi. Na wenye magari nao wanalia jamu! Sasa nani anafurahia hii kitu?

Mpwa wangu anasoma uinjinia, amenionyesha kwenye simu hesabu za NACTO, hicho ni chama cha idara za barabara za miji huko Marekani. Lane moja ya mita 3, kwa saa moja, ukiijaza magari binafsi inapitisha watu 600 mpaka 1,600. Lane hiyohiyo ukiwapa mabasi peke yao, 4,000 mpaka 8,000. Ukiwaachia watembee tu, 9,000. Nikamwambia rudia. Akarudia. Na hiyo ni nchi ya watu wanaoenda na gari hata dukani kununua maziwa.

Halafu mtu asiniambie serikali haijui. Wizara ya ujenzi na uchukuzi ilitoa sera ya kutembea na baiskeli tangu 2012, imeandikwa vizuri kabisa. Mwaka huohuo 2012 tukaletewa mabasi makubwa, mnayakumbuka, watu tulipanda tukashukuru Mungu, lakini hayakupewa hata lane moja ya peke yao. Yakaingia jamu ileile na taxi na boda na matoroli, halafu yakaja na madeni ya kodi, kabla ya 2014 yamepotea. Basi la watu 60 likikaa nyuma ya gari la mtu mmoja anayetafuta paking ya kununua vocha, hilo si basi tena.

Luwum Street na Namirembe Road walijaribu, hapo nawapa haki yao. Njia pana ya miguu, sehemu ya baiskeli, mimi nilipita mara ya kwanza nikafurahi mpaka nikapiga picha. Siku hizi nikipita baiskeli siioni, naona boda zimepaki.

Na kabla hamjaanza kutukana watu wa boda ngojeni kidogo. Mimi ni mtoto wa Busia. Hilo jina boda boda tumelizaa sisi pale mpakani, boda mpaka boda, na ilikuwa baiskeli, marehemu babu yangu alikuwa nayo, keria imeshonewa kigodoro chekundu na kengele mbili, anabeba mama na kuku wake anavusha. Kwa hiyo ninaposema baiskeli siongei mambo ya wazungu na vikaptula vyao. Leo baiskeli Kampala ni ya mtu wa matoke na mtu wa maji ambaye hana namna, mwingine akithubutu tunamwambia umechoka kuishi? Boda anapanda njia ya miguu kwa sababu kule barabarani amebanwa na lori huku na taxi kule, na steji yake haipo kwenye mchoro wowote, amesimama tu alipopata. Mnamchorea hakuna halafu mnamkamata kwa kutokuwa mahali pake. Ila yule aliyenigonga kiwiko mwezi jana akaniambia "songa mzee" juu ya njia ya miguu, huyo simsamehi.

Sasa zebra. Zebra Kampala ni mapambo. Unasimama, unanyoosha mkono kama unaomba kanisani, gari ndo inaongeza. Watu wanasema madereva hawana adabu, sawa, lakini ukimpa mtu barabara pana imenyooka kama ya kurushia ndege atakimbia tu hata kibao kiandikwe 50. WHO, shirika la afya duniani, wanasema mwendo wa wastani ukipanda asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda asilimia 4. Na mtu wa miguu akigongwa na gari ya kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni mara 4.5 kuliko ya 50. Dawa si mahubiri. Zebra uinue iwe tuta ili gari lazima ipande, kona uikaze ili anayekata kushoto apunguze apende asipende, katikati ya barabara uweke kisiwa mtu avuke nusu apumzike. Hivyo vitu ni simenti na rangi, si flaiova, zile barabara za juu. Flaiova tunazo, tumejengewa pale Clock Tower kwa pesa ya Wajapani, nzuri, haya, mimi na mguu wangu naipandia wapi?

Vilima msiniambie. Kigali ina vilima kuliko sisi, na 2015 wakafunga barabara nzima katikati ya mji magari yasipite, mwaka uliofuata wakaanza siku ya bila magari. Watu wanatembea pale mpaka na watoto wa miaka mitatu wanakimbia mbele, mama hana wasiwasi. Nilikaa kwenye benchi saa nzima naangalia tu kama mshamba.

Aprili 2023 wenye magari waliposti picha za mashimo mtandaoni wiki nzima, nchi ikatikisika, pesa zikatafutwa haraka. Ni sawa, mashimo yalikuwa mabaya. Lakini shimo langu mimi linafika gotini na liko pale kila siku na hakuna aliyetikisika, maana hakuna gari iliyopasuka tairi.

Kwa hiyo naomba hivi, kila mtu apige picha ya njia ya miguu ya kwake, slabu zisizokuwepo, magari yaliyopanda juu, nguzo, ngazi, kila kitu, aweke hapa chini na aandike ni wapi. Namba za gari zifuteni, sitaki kesi.

NYONGEZA: Wengi mnauliza kama lile shimo limezibwa. Mama wa gonja amenipigia saa hii, tawi limetolewa, wameweka tairi kuukuu. Na aliyeandika "si ungeangalia unakokanyaga", kaka mimi nilikuwa naangalia Prado.

NYONGEZA 2: Ndala ya kulia ninayo bado, namba 8, haijachoka. Mwenye mguu mmoja tuongee inbox.