Je, swastika kwenye bendera ilianza na Wanazi?

Swali
Ndugu zangu, nimeona picha ya bendera ya Waguna, wenyeji wa pwani ya Karibi huko Panama, na katikati yake pana swastika. Siku zote nimeijua alama hiyo kuwa ya Wanazi. Je, Waguna waliiga kwa Hitler?

Jibu la kwanza
La, hawakuiga. Bendera hiyo ni ya uasi wa 1925, Waguna walipoinuka dhidi ya serikali ya Panama, ambayo pamoja na mengine iliwakataza wanawake wao kuvaa mavazi ya asili na pete za puani. Wanazi walikuwa bado miaka minane kabla ya kushika dola. Kwa Waguna, alama hiyo ni pweza aliyeumba dunia, na minyiri yake inaelekea pande nne. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, waliizungushia pete nyekundu ili isidhaniwe kuwa ya Ujerumani, na pete yenyewe ilikuwa ile ile ya puani waliyokatazwa. Hilo hunigusa sana.

Jibu la pili
Naongezea Ufini. Mnamo Machi 1918 Eric von Rosen, kabaila wa Sweden, aliwapa Wafini ndege yenye swastika ya buluu mabawani, alama aliyoihesabu kuwa ya bahati njema. Jeshi la anga liliitumia kwenye ndege zake hadi 1945, na bendera za vikosi vyake ziliendelea kuibeba kwa miongo mingi. Hata hivyo tusimtakase: chama cha Wanazi hakikuwapo mwaka 1918, lakini baadaye yeye mwenyewe aliunga mkono siasa hizo nchini kwao, na Hermann Göring, mmoja wa vigogo wa Wanazi, alimwoa dada wa mkewe.

Jibu la tatu
Jina lenyewe ni la Kisanskriti, lenye maana ya heri, na Wahindu, Wabudha na Wajaini wanaitumia alama hiyo tangu kale. Wanazi waliitwaa mwaka 1920, wakaiinamisha, nyeusi ndani ya duara jeupe kwenye kitambaa chekundu. Tarehe 15 Septemba 1935, mjini Nuremberg, ilifanywa bendera pekee ya taifa, na siku hiyo hiyo zikapitishwa sheria zilizowavua Wayahudi haki za uraia na kuwakataza kupandisha bendera hiyo.

Muulizaji
Nawashukuru. Nimeirudia picha ile, na pete nyekundu haimo.

Jibu la kwanza
Ni kweli, ndugu yangu. Baadaye waliiondoa, wakabaki na pweza wao.