Nyumba za kale za Uingereza zilizogeuzwa benki: benki ikihama, turudishe nini?

Wadau, tangu 2015 matawi ya benki zaidi ya 6,000 yamefungwa Uingereza, na baadhi yalikuwa ndani ya nyumba za matofali za karne ya 18, katikati kabisa ya mji. Tawi likifungwa, utasikia hoja ileile: benki iliiharibu nyumba, basi ghorofa ya chini irudishwe kama ilivyojengwa. Mimi napinga.

Kwanza, si kila benki iliharibu. Tazameni Peckover House, mjini Wisbech, kando ya mto Nene. Nyumba ilijengwa 1722 hivi. Akina Peckover walipohamishia benki yao hapo miaka ya 1790, biashara waliiweka kwenye bawa waliloongeza ubavuni, si sebuleni. Ndiyo maana nakshi za mbao juu ya meko zipo hadi leo, ingawa bawa lenyewe lilishabomolewa. Benki hiyo ni miongoni mwa zile zilizoungana 1896 zikazaa Barclays.

Kwingine walivunja kweli. Kuta za vyumba vya mbele ziliondolewa upatikane ukumbi mmoja wa wateja, boriti za chuma zikapitishwa kubeba ghorofa za juu. Simama ng'ambo ya barabara uangalie: juu madirisha yamepangana safu kwa safu, yakifupika kadiri yanavyopanda, chini kuna uso wa mawe usioelewana nayo. Sasa nani anajua chumba kilichovunjwa miaka 100 iliyopita kilikuwaje? Tukikijenga upya tutakuwa tunabuni, halafu wajukuu waambiwe ni cha 1750. Huko ni kuwadanganya.

Fedha za ukarabati ziende ghorofa za juu. Huko benki iliweka mafaili au meneja wake, na mara nyingi ngazi na milango ya awali bado ipo, paa likivuja juu yake. Pakarabatiwe, watu wakae. Chini ukumbi ubaki na kaunta yake na mlango mzito wa chumba cha fedha. Uwe maktaba, zahanati, hata baa, mradi wenyeji waingie.

Jengo likishaorodheshwa kuwa la kihistoria, kubadili sifa zake, hata za ndani, kunahitaji kibali cha halmashauri. Lakini kuorodheshwa peke yake hakumlazimishi mnunuzi kuwaachia wenyeji mlango wazi, na hilo ndilo linaloniuma.

Mnaotaka ya zamani yarudi: mna ushahidi gani? Michoro, picha, alama za kuta sakafuni? Ukiwepo kwa nyumba fulani, uwekeni hapa tuijadili nyumba hiyo.