Wamarekani walianzaje kukopa nyumba kwa miaka 30?

Wakuu, boma langu Nzuguni limekwama kwenye lenta, mwaka wa tatu huu. Mbuzi wa jirani wamehamia sebuleni. Shemeji yuko Ohio, kaingia nyumba iliyokamilika, atalipa miaka 30. Wenzetu walianzaje?

Jibu: Mkuu, hawakuanza hivyo. Kabla ya miaka ya 1930 mkopo ulikuwa wa miaka michache, unatanguliza hata nusu ya bei, wengi wanalipa riba tu, kisha deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukawafanya wengi washindwe kulipa na kupoteza nyumba. Mwaka 1933 serikali ikaunda HOLC, shirika la kuokoa wenye mikopo ya nyumba, ikanunua mikopo iliyokwama na kuirefusha. 1934 FHA, wakala wa serikali wa mambo ya nyumba, ikaanza kuikatia bima mikopo: mkopaji akishindwa, benki inafidiwa. Benki zikapata ujasiri wa kukopesha kwa miaka mingi.

Jibu: Ongeza ramani za HOLC. Mitaa ya weusi ilipakwa nyekundu, yaani ni hatari kukopesha huko, na FHA nayo ikaikwepa. Ubaguzi huo ulipigwa marufuku kisheria 1968 tu.

Muuliza swali: Kumbe! Mimi benki ilitaka hati, nina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa basi. Jumamosi namwita fundi. Mbuzi watoke kwanza.