Mafundi wa studio Arusha na Moshi, acheni kufua albamu za kijijini kwa sabuni ya unga

Wakuu, mods msiunganishe uzi huu na zile za "studio kali mjini". Hapa hasifiwi mtu.

Msanii kajifungia kihambani (shamba la migomba la nyumbani) miezi kadhaa, huko juu mlimani Kilimanjaro, Kibosho au Rombo, yeye na gitaa, anaimba kwa kunong'ona saa tisa usiku. Kazi ikishushwa mjini kumiksiwa inarudi kama tangazo la sabuni. Nyenje hawapo. Pumzi haipo. Kiti kilichokuwa kinalia kila akiinamia gitaa, hakipo. Na kwenye risiti mmeandika "usafi wa sauti", na hela mmekula.

Nani kawaambia ule ulikuwa uchafu?

Mmarekani Liz Harris, anayejiita Grouper, albamu yake Ruins ya 2014 karibu yote aliirekodi Aljezur, Ureno, mwaka 2011. Kirekoda cha treki nne (njia nne za kurekodia, kila moja peke yake), maiki ya stereo, piano, basi. Vyura wamo, mvua imo. Kuna mahali umeme ulikatika, uliporudi maikrowevu ikalia "pii", na ile pii ikaachwa humohumo. Ingepitia kwenu ingefutwa kabla chai haijapoa. Na ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba hapa pana nyumba, na nje kuna mvua iliyozima umeme.

Kosa lenu ni moja: hamtofautishi kelele ya mahali na kelele ya kifaa. Perere anayepiga yowe migombani, maji ya mfereji, mbwa wa jirani, hizo ni za mahali. Mngurumo wa umeme na mchachato wa maiki iliyoongezwa geini (ukuzaji wa sauti) kupita kiasi, hizo ni za kifaa, toeni hata sasa hivi. Nyie mnafanya kinyume!

Mfano mngurumo. Mnafungua priseti (mpangilio uliokuja tayari na programu) iliyowekwa hezi 60, ya umeme wa Marekani. Umeme wetu ni hezi 50! Mnachimba mashimo kwenye 60, 120 na 180, mnakula besi ya gitaa, na mngurumo umekaa pale pale kwenye 50, 100 na 150 unawacheka. Kama nyumba inatumia sola yenye inveta ya bei rahisi ndiyo balaa zaidi, maana ule mlio unapanda ngazi nyingi mpaka juu na hakuna filta itakayoumaliza bila kuua sauti. Dawa yake ni huko huko: zima inveta, chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri.

Geti nalo, ile programu inayozima sauti yoyote iliyo chini ya kizingiti. Mtu anayenong'ona nusu ya maneno yake yako chini ya kizingiti mlichoweka. Miisho ya maneno inakatwa, halafu nyenje wanawaka na kuzima kila akifungua mdomo. Nyenje wakilia mfululizo sikio linawasahau. Wakikatikakatika ndipo wanakuwa kero. Kwa hiyo kelele mmeitengeneza nyie. Programu ya kupunguza kelele hivyo hivyo: desibeli 4 au 5 zinatosha, mkivuta 20 mtu anaimba kama yuko ndani ya pipa la maji.

Halafu limita, ile ya kubana vilele ili wimbo wote usikike mkubwa. Mnabana mpaka -7 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti, ikikaribia sifuri ndipo inapiga kelele zaidi) ili "igonge". Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida inaishusha hadi -14, kwa hiyo desibeli 7 mlizopigania zinakwenda na maji, mnabaki na gitaa lililolala kama chapati. Albamu ya namna hii iacheni kwenye -16 hata -18, vilele visizidi desibeli -1.

Otochuni, ile programu ya kunyoosha noti, sisemi. Mtu anapiga zeze, nyie mnamnyoosha kwa ngazi ya kinanda.

Wasanii nanyi msicheke. Bati hutatarika jua likipanda na linapopoa jioni, rekodini kuanzia saa nne usiku. Mvua ikianza kupiga bati, simama, mnong'ono hauwezi kushindana nayo. Maiki ya jukwaani inataka geini ya desibeli 60 hivi kwa sauti ndogo namna hiyo, na kadi ya sauti ya bei chee hapo lazima ichachate. Tafuta maiki ya kondensa, inayoshika sauti ndogo, iweke sentimita 15, pembeni kidogo ya mdomo, rekodi kwa biti 24, vilele karibu na desibeli -12. Kuta za saruji tupu zinarudisha mwangwi wa kopo, egemeza godoro nyuma ya mwimbaji. Na jamani, mkituma faili la sauti la wave kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti!

#2
Mkuu umesema kweli ila watu wanasikilizia spika ya bodaboda. Prodyuza asipobana, wimbo hausikiki Kilombero sokoni hapa Arusha.

#3
@2 nani kakwambia albamu ya kunong'ona inauzwa Kilombero sokoni? Mwanamuziki wa roki wa Marekani, Bruce Springsteen, alirekodi albamu yake Nebraska nyumbani kwa kaseti ya treki nne, wakajaribu nyimbo zilezile studio na bendi nzima, ikashindikana, 1982 ikatoka ileile ya kaseti. Ingekuwa huku wangeiongezea mdundo.

#4
Fundi hapa. Lawama nyingine rudisheni kwenu, mnaleta faili moja la stereo, sauti na gitaa zimeshikana, mnataka tutenganishe kwa maombi. Leteni treki mbalimbali, na dakika 2 za chumba kitupu, tupate cha kuziba tunapokata.

#1
@4 hapo sawa, nakubali. Ila hizo dakika 2 zirekodiwe saa ileile wimbo ulipoimbwa. Nyenje wa saa mbili usiku si wa alfajiri, kiraka kitasikika.